Mkadiriaji na Mifuko ya Woga

Ukimkaribisha Mkadiriaji nyumbani kwako, ulijua kabisa kwamba chai itapoa. Kwanza alisimama nje, mikono nyuma, akautazama msingi. Kisha akazitazama nguzo. Halafu aliinua uso kuangalia juu ya paa, na hapo ndipo mwenye nyumba alipoanza kujuta, maana huku kwetu Sakina, mtaa wa Arusha, ni nadra kuona nyumba ya mtu mwenye malengo isiyo na nondo zilizochomoza juu zikisubiri ghorofa.

"Hizi zinamsubiri nani?" aliuliza siku moja nyumbani kwa jirani yangu, tulipoalikwa kuombea nyumba mpya.

"Ghorofa, mama. Mungu akijalia."

"Na huku chini umeweka nguzo za kubeba hiyo ghorofa?"

"Tena nene, mama. Sijabana kitu."

"Basi umeshaijenga. Moshi wake umeshatoka. Bado kuikalia tu."

Jirani alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemleta, na kweli ni mimi niliyemleta. Mkadiriaji mwenyewe hakuona kama amesema kitu kibaya. Aliingia ndani, akaketi, akaomba sukari zaidi na kuyasifia mapazia kwa moyo wote.

Tulimwita Mkadiriaji kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha: mkadiriaji majenzi, yule anayechukua michoro ya mhandisi na kuigeuza kuwa mifuko ya saruji, tani za nondo na malori ya mchanga. Alistaafu serikalini kabla sijamfahamu. Mimi ni mkandarasi mdogo, ofisi yangu ni chumba kimoja kando ya barabara ya Nairobi, kati ya gereji na duka la vipuri, na nilifanya naye kazi kwa miaka mingi kiasi cha kujua anapokasirika kabla yeye mwenyewe hajajua. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake waulizwe wa ukoo wake. Sasa amehamia Dodoma kwa binti yake, na huku mtaani watu wanajenga watakavyo, hakuna wa kuwaharibia chai. Ninamkumbuka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hakuwa mtu rahisi.

Alichokitaka maishani, baada ya kustaafu, kilikuwa kitu kimoja, na alikisema wazi kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya dakika chache. Alitaka jengo moja. Alitaka, kabla miguu haijamchoka, jengo moja hapa Arusha lililopunguziwa saruji na chuma mpaka pale usalama unaporuhusu, lipimwe lote bila kuficha kitu, na watu wakiliona wabadilike. "Maneno nimesema mpaka nimechoka," alikuwa akisema. "Watu wa huku hawaamini maneno. Wanaamini jengo la jirani."

Kupima moshi wa majengo alianza uzeeni. Alihudhuria semina fulani mjini ambako mtaalamu alieleza jinsi nyumba zinavyochafua hewa kwa umeme wa viyoyozi na hita. Mkadiriaji aliporudi alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akacheka mpaka akafuta machozi. "Hita ya nani? Hapa tunalala na blanketi, na joto likija tunafungua dirisha. Moshi wa nyumba zetu hauko kwenye soketi. Uko ndani ya ukuta." Tangu siku hiyo, kila kazi niliyompelekea kukadiria aliirudisha na gharama yake kama kawaida, na pembeni hewa ya ukaa iliyotoka kiwandani na barabarani ili vifaa vile vifike kwenye kiwanja. Wateja wangu hawakuiomba. Wengine walidhani ni kodi mpya.

Mafundi nao aliwaeleza kwa namna yake. Aliwahi kusimama mbele yao kwenye kiwanja chetu kimoja, mkono juu ya mfuko wa saruji, akauliza, "Huu umetoka wapi?"

"Dukani, mama," akajibu fundi mkuu, na wote wakaangua kicheko.

"Na kabla ya dukani?"

Akawaeleza kwamba ni mawe yaliyochimbwa, yakasagwa, yakaokwa kwenye tanuri kali mno. Moto unatoa hewa yake ya ukaa, na jiwe lenyewe likiungua linatoa yake, halafu lori nalo linapanda milima likiongeza ya kwake. "Nyumba hii haijawashwa hata taa," alisema, "lakini moshi wake umeshatoka na hakuna atakayeurudisha. Kilicho mikononi mwetu ni mfuko ambao hatujaufungua."

"Sasa mama, tujenge kwa maombi?"

"Jengeni kwa akili. Maombi ni ya Jumapili."

Fundi mkuu alimpenda kuanzia siku hiyo. Sisemi alimsikiliza, nasema alimpenda.

Maneno yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, mafupi na ya kukera, lakini yaliyokaa zaidi kichwani mwangu ni mifuko ya woga. Kwa hesabu yake, sehemu kubwa ya saruji inayozikwa Arusha haibebi chochote. Mhandisi anaongeza kidogo kwenye mchoro kwa kuwa hamwamini mkandarasi. Mkandarasi, yaani mimi, anaongeza kidogo kwa kuwa hamwamini fundi. Fundi naye anaongeza kwa kuwa mchanga aliopewa una udongo, na anajua zege likishamwagwa hakuna atakayelimwagilia maji ili likomae. "Mwisho wa siku," alisema, "nyumba inasimama juu ya woga wa watu watatu."

Kwa hiyo alipokuja kwenye kiwanja hakuanza na saruji. Alianza na mchanga. Aliuchukua mkononi, akaufikicha, akaupuliza, na ukiacha vumbi viganjani mwake lori zima liligeuzwa. Aliwalazimisha mafundi kupima maji kwa ndoo badala ya kumimina kwa macho, maana zege lenye maji mengi ni laini kufanyia kazi lakini likikauka halina nguvu, na anayelijua hilo hukimbilia kuongeza mfuko. Na likishamwagwa, alikaa pale kwenye kiti cha plastiki, mwavuli mkononi, akimsimamia mwenye mpira wa maji asubuhi na jioni, wiki nzima na zaidi, mpaka majirani wakadhani ni mama mwenye nyumba. Akiona jamvi la sakafu limekauka, aliwaka yeye kama jua la saa sita. Sijawahi kuona mtu mzima akigombana kwa ajili ya maji kiasi kile.

Mtu wa namna hii ungetegemea aishi kama anavyohubiri. Wapi! Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na nondo zimechomoza juu, nyingi kuliko za jirani yangu, zimeota kutu, amefunga kamba za kuanikia nguo kutoka moja hadi nyingine. Nilipomuuliza alinijibu bila kupepesa: "Niliijenga nikiwa na mkopo na kiburi. Hesabu yake ninayo, ni aibu tupu, ndiyo maana shuka zangu zinakauka vizuri." Gari lake lilikuwa pikapu ya dizeli ambayo ilisikika kabla haijaonekana, na ilipoonekana ilikuwa ndani ya wingu lake. Mafundi walimtania kwamba kwa moshi ule angeweza kuchoma tanuri zima la saruji. Alicheka pamoja nao, na hakuiuza.

Wala hakuwa mpenzi wa mambo ya kale, jambo lililowachanganya vijana waliokuja kumtafuta wakidhani wamempata mtetezi. Msanifu mmoja kijana alimletea picha za nyumba za udongo alizotaka kujengea wageni wa kitalii, akamwambia kwamba hivi ndivyo mababu walivyojenga bila kuchafua dunia. Mkadiriaji alizitazama picha moja moja. "Nzuri," alisema. "Wewe umewahi kusiliba nyumba ya udongo?" Kijana akasema hapana. "Mama yangu aliisiliba yake kila mwaka kabla ya mvua, na mgongo wake ninaukumbuka mpaka leo. Weka na huo mgongo kwenye mchoro wako, halafu tuzungumze." Na mzee mmoja wa Kikwe aliyejisifia tofali zake za kuchoma, kwamba ni za asili, hazina saruji, alimuuliza tu amechoma kwa kuni kiasi gani. Mzee akaonyesha kwa mkono upande ambao zamani palikuwa na miti.

Upole wake uliutambua kwa kile alichoacha kukisema. Mke wangu alipolazwa na hali yake ikawa mbaya, Mkadiriaji alikuja na mtori wa ndizi kwenye chupa, akaketi kwenye benchi karibu yangu. Nilimwona akiitazama lenta, ule mhimili wa zege juu ya mlango wa wodi, macho yakienda upande mmoja na kurudi. Niliisubiri hukumu. Hakusema kitu. Alilishika tu bakuli mpaka nikamaliza kula, akaondoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama huyu ananihurumia kweli.

Jengo lake alilipata kanisani.

Usharika wetu ulikuwa umekua, watu wakakaa nje kwenye viti chini ya turubai kila Jumapili, na wazee wa kanisa wakaamua kujenga kanisa jipya kwenye kiwanja cha pembeni. Kazi ya ujenzi nilipewa mimi, na Mkadiriaji akawekwa kwenye kamati. Alijua, nasi tulijua, kwamba hii ndiyo nafasi aliyoisubiri. Alikaa na mhandisi siku nyingi. Msingi ukawa wa mawe ya hapa hapa mlimani. Mihimili ya zege iliyokuwa kwenye mchoro wa kwanza ikaondoka, paa likabebwa na kenchi za mbao. Nguzo za mapambo pale mbele, ambazo hazikubeba chochote isipokuwa sifa, zikafutwa. Na kwenye bloku na kwenye sakafu, sehemu ya saruji ikaondolewa, mahali pake pakachukuliwa na majivu ya volkano yaliyosagwa vizuri, kutoka upande wa Oldonyo Sambu. Mlima ulishayachoma zamani, alisema, sisi hatuna haja ya kuyachoma tena.

Shida ya majivu yale ni kwamba hayana haraka. Zege lake linapata nguvu polepole kuliko la saruji tupu. Vipande vyetu vya kwanza vya majaribio vilipopelekwa maabara vikavunjwa, majibu yakarudi yako chini. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mstaafu wa benki, mtu mwema asiyependa mshangao, aliitisha kikao siku hiyo hiyo.

"Mama," alisema, "ukuta huu ukija kuangukia watoto wa Sunday school, tutamwambia nini Mungu?"

"Mimi ndiye nitakayejibu. Lakini hauanguki. Vipeni vile vipande vilivyobaki muda wake."

"Kwa nini tusiongeze mifuko tukalala usingizi?"

"Kwa sababu hicho ndicho kila mtu anachofanya."

Kazi ilisimama. Nilikuwa na roho juu, sifichi, maana jina langu ndilo lililokuwa kwenye bango pale barabarani. Mkadiriaji aliendelea kuja kila siku kumwagilia sakafu iliyokwisha kumwagwa, lakini hakutania tena na mafundi, na nguo zilianza kumpwaya. Alijua kwamba ukuta huo ukikataliwa, hakuna mtu kuanzia hapa hadi mji wa Usa atakayemsikiliza tena mpaka anaingia kaburini. Vipande vya mwisho vilipovunjwa, majibu yalipita kiwango, tena vizuri. Nilimpigia simu nikiwa bado maabara. Nikamsikia akimwita mtu amletee maji ya kunywa.

Basi kanisa likasimama, zuri, pana, na saruji yake ni pungufu sana ya ile ya mchoro wa kwanza. Hapa ningeishia kama si jambo moja ambalo Mkadiriaji, kwa ukali wake wote wa hesabu, hakulihesabu.

Huku kwetu watu hawachangii kanisa. Wanachangia saruji. Siku ya harambee mshereheshaji anasimama na kipaza sauti, familia moja inainuka, baba, mama na watoto, na baba anatamka, "Mifuko ishirini!" Vigelegele vinapaa, kwaya inapiga kipande cha wimbo, familia inaketi imenyooka migongo. Halafu jirani yao anatamka ishirini na mitano. Kwaya inaahidi, umoja wa wanawake unaahidi, vijana wa bodaboda wanaahidi. Hakuna anayeinuka kuahidi dirisha, wala mbao, wala siku yake ya kazi. Heshima ya mtu inapimwa kwa mifuko, na harambee yetu ilifanyika kwa moyo, kabla mchoro haujapunguzwa.

Watu wakatimiza ahadi zao. Kanisa likaisha, na mifuko ikaendelea kufika. Ilijaa stoo, ikahamia kwenye chumba cha vyombo vya kwaya, ikapangwa mpaka dirishani. Saruji haikai, unyevu wa huku ukiigusa inaganda na kuwa jiwe, na kila aliyepita pale aliiona mifuko yake ikizeeka. Mkadiriaji alipendekeza iuzwe, au wapewe wenye uhitaji. Mwenyekiti alishtuka.

"Mama, mtu ameahidi mbele ya madhabahu mifuko ya kujengea nyumba ya Mungu. Nikamwambie nimeiuza kwa mwenye baa?"

Kikao kikaamua kujenga uzio. Si uzio wa kawaida: ukuta wa bloku kuzunguka kiwanja chote, mrefu kuliko mtu, na nguzo za zege kila hatua chache, na geti lenye minara miwili. Mkadiriaji alipinga peke yake, akashindwa kwa kura. Niliujenga mimi, kazi ni kazi. Alikuja mara moja tu, akasimama kando ya shimo la msingi, akaniambia, "Mwanangu, angalau mwagilieni maji," akaondoka na pikapu yake.

Miezi michache baadaye ikaja siku ya kuliweka kanisa wakfu. Mchungaji alikuwa amewaalika wazee wa sharika nyingine, kwa sababu sifa za kanisa lililookoa saruji zilikuwa zimeenea, na wengi walikuwa na mipango ya kujenga. Baada ya ibada tulikaa kwenye mahema, loshoro ya mahindi na maziwa mgando ikagawiwa, na Mchungaji akamwita Mkadiriaji mbele. Alimsifu kwa maneno mazuri, akasema sasa mama yetu atatuambia tumeokoa kiasi gani.

Hii ndiyo siku aliyoisubiri miaka yote ile. Jengo lilikuwa nyuma yake, limesimama. Watu aliotaka wabadilike walikuwa mbele yake, wameshiba na wako tayari kuamini. Alichotakiwa ni kusoma hesabu ya kanisa na kukaa.

Alishika kipaza sauti kama anayeshika kitu cha moto. Akasema kanisa limepunguza hewa ya ukaa sana, karibu nusu ya lile lililokuwa kwenye mchoro wa kwanza. Makofi yakapigwa. Akasubiri yaishe.

"Lakini kiwanja ni kimoja," alisema, "na mifuko ni ile ile. Nimepima na uzio. Uzio umerudisha karibu yote. Ukijumlisha, tumejenga kama wanavyojenga watu wote. Ningewaambia vingine ningekuwa nimewadanganya ndani ya ua wa kanisa."

Alirudisha kipaza sauti, akaenda kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji akaomba kwaya iimbe, na kwaya ikaimba wimbo mrefu. Mwenyekiti alikuwa ameinamia sahani yake. Nilipomsindikiza Mkadiriaji kwenye gari nilikuwa nimekasirika, nikamwambia nilichofikiri: kwamba alikuwa na jengo lake mkononi na amelitupa mwenyewe.

"Halikuwa langu," alisema. "Lingekuwa la uongo."

Hakuondolewa kwenye kamati, ila vikao vilifanyika na yeye hakupata taarifa. Watu walimsalimia kwa heshima, shikamoo mama, marahaba, na kupita. Nyonga ikaanza kumsumbua, akaacha kuja kwenye viwanja. Nikimtembelea alikaa sebuleni, redio ikiongea peke yake, akiniuliza habari za mke wangu na za mvua. Habari za ujenzi hakuuliza, na mimi niliona vibaya kumtajia. Kwa mtu aliyemfahamu, ukimya ule ulikuwa ugonjwa mkubwa kuliko nyonga.

Mwaka jana, muda mfupi kabla hajahamia Dodoma, nilipigiwa simu na mama mmoja, mzee wa kanisa wa usharika ulioko upande wa Kikwe. Alitaka niende kukagua paa. Katika mazungumzo akauliza, "Yule mama wa hesabu za uzio yupo bado?" Nikasema yupo. "Basi njoo naye."

Ilinichukua asubuhi nzima kumshawishi. Alisema nyonga inamuuma, alisema hana nguo, mwisho akasema hataki kwenda kuchekwa. Nikamwambia kama hataki kwenda kwa ajili yake, aende kwa ajili yangu, sijui kukadiria mbao za kenchi za zamani. Ilikuwa kweli kiasi. Akachukua fimbo yake.

Kule tulipokelewa na yule mama, mnene, mchangamfu, kitambaa cha kanisa kichwani. Kanisa lao lilikuwa dogo, la zamani, kuta za mawe nene, limejengwa na babu zao. Nyufa zilikuwa zimezibwa vizuri kwa chokaa. Upande mmoja ukuta ulikuwa umetobolewa na kusogezwa nje ili watu wengi zaidi waenee, na mawe yaliyotolewa ndiyo yaliyojengea ukuta mpya. Paa ndilo lililobaki. Mkadiriaji aliupapasa ukuta ule kwa kiganja, mahali pa zamani na mahali papya.

"Nani aliwapimia hii kazi?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni wewe ulituanzisha."

Mama yule akaeleza. Siku ya wakfu alikuwa amekaa meza ya nyuma kabisa. Wakati huo usharika wao ulikuwa na michoro ya kanisa jipya, na mtambo wa kijiko wa kubomolea lile la zamani ulikuwa umeshakubaliwa. Walikuja kwetu kujifunza namna ya kujenga jipya kwa saruji kidogo.

"Tulivyorudi, wazee wakaniambia, yule mama kawaaibisha wenzake bure. Nikawaambia, ngojeni kwanza. Kama wale wenye majivu na maabara wamerudi pale pale, sisi tunakimbilia nini? Tukaulizana, hivi tunataka kanisa au tunataka kutamka mifuko? Tulibishana sana, mama. Wengine walihama. Lakini harambee yetu safari hii watu waliahidi siku za kazi. Mifuko tuliikataa."

"Na lile jipya?" aliuliza Mkadiriaji.

"Lipi?"

"La kwenye michoro. Mtalijenga lini?"

"Halipo, mama. Tuliliacha."

Mkadiriaji akaomba aonyeshwe mahali ambapo lingekaa. Mama yule akatuongoza nyuma, kupita choo na mti wa parachichi, hadi kwenye shamba la mahindi yaliyofika kifuani, na maharage yakitambaa chini. Vigingi vilishang'olewa, alisema, na umoja wa wanawake ndio uliopanda.

Mkadiriaji aliniachia mkono, akaingia katikati ya mahindi kwa fimbo yake, pole pole, akiangalia asikanyage maharage. Alipofika mbali kidogo akasimama, akatutazama, na nikaona analia, waziwazi, bila kujifunika uso. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia.

"Ningenyamaza siku ile," alisema, "hapa pangekuwa na zege."

"Ndiyo, mama," yule mama akamjibu. "Pangekuwa na zege."